Historia ya Bartholomew Musembi Maundu, Aliyetafuta Mlango Mmoja kwa Miezi Kumi na Moja

Padri, wazee, akina mama wa jumuiya, majirani, na nyinyi mliosimama huko nyuma ya hema mkidhani hamwonekani, familia ya Maundu Mbithi imeandika karatasi hii ikiwa imekaa pamoja, imemtuma Aloys, mdogo wake marehemu, aisome, na imeagiza isomwe yote bila kuruka mstari, hata ile mistari ambayo msomaji mwenyewe angefurahi ikirukwa. Mmezoea kumsikia Aloys akiwa na maikrofoni ya harusi. Leo mtu asisubiri mzaha, na ukijikuta unacheka, jiulize unacheka nani.

Marehemu Bartholomew Musembi Maundu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971 hapa Katelembo, katika nyumba ya nyasi iliyokuwa pale penye zizi sasa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa Mzee Maundu na mama yetu Kasiva, akabatizwa mwezi wa tano mwaka huo huo, na mama alikuwa akisimulia kwamba alitoka akipiga kelele kama mtu aliyefika sokoni akakuta wamefunga.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1978 katika shule ya msingi ya hapa kwetu, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1985, ule mwaka wa kwanza wa mfumo mpya ambapo walimu hawakujua wanafundisha nini na watoto hawakujua wanafundishwa nini, akapita hata hivyo, akaingia sekondari Januari 1986 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1989. Julai 1988, katika mashindano ya maigizo ya wilaya, alipewa nafasi ya mlevi, yeye ambaye hakuwa ameonja hata kaluvu, ile pombe ya miwa ya babu yake, akayumba jukwaani kwa ustadi hadi afisa wa elimu akateleza kwenye kiti kwa kicheko, shule ikaleta kikombe nyumbani, na kutoka siku hiyo lokesheni nzima ikakubaliana, bila kupiga kura, kwamba Bartholomew akiyumba ni wakati wa kucheka. Makubaliano hayo tuliyalinda kwa miaka thelathini na nne.

Mwezi wa pili wa mwaka wa 1990 alipata kazi kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya, akaanza kama mbebaji, akapanda hadi kuwa mchongaji, na mkono wake ulikuwa mkono wa kuheshimiwa, kwa maana ule ukuta wa kanisa letu ulio upande wa madhabahu, ambao mafundi wa kutoka Nairobi huja kuupapasa wakiuliza nani aliupiga, aliupiga yeye mwaka wa 1998. Pale machimboni vumbi hukaa kooni, na waliomtangulia walimfundisha kwamba vumbi la mawe halishuki kwa maji, basi akalishusha kwa pombe Jumamosi, kisha Jumatano na Jumamosi, kisha asubuhi kabla vumbi lenyewe halijaamka, hadi Septemba 2009 alipokutwa amelala chini ya lori lililokuwa limewashwa, akaachishwa kazi, akarudi nyumbani kufanya vibarua vya hapa na pale.

Alifunga ndoa takatifu na Nzilani, binti Mzee Muema wa Matuu, Jumamosi tarehe 24 Agosti 1996, nao wakajaliwa watoto watatu, Kasiva aliyezaliwa mwaka wa 1998, Maundu wa 2001 na Muema wa 2006, na familia inasema wazi kwamba watoto hao walisomeshwa na maembe na mahindi ya mama yao, kwamba kuna usiku walilala kwa jirani kwa kumwogopa baba yao, na kwamba marehemu mwenyewe, wiki tatu kabla ya kufa, aliagiza jambo hili lisifichwe. Lakini na hili pia lisifichwe. Katika miaka hiyo yote hakukosa mtu wa kumnunulia. Alikuwa akiomba unga anaambiwa hali ni ngumu, akiomba glasi anavutiwa kiti, kwa sababu tulitaka atuchezee ule mchezo wa 1988, na yeye, akiwa mtu wa watu, alituchezea.

Jumamosi tarehe 5 Februari 2022 tulimzika mama yetu. Bartholomew, kama kifungua mimba, ndiye aliyepewa historia ya mama aisome, akasimama mahali hapa hapa aliposimama msomaji wa leo, akiyumba, akasoma mwaka wa kuzaliwa, akaurudia, akaurudia tena, akakaa chini kwenye udongo wa kaburi. Mlicheka. Tulicheka. Karatasi ikachukuliwa mkononi mwake akapewa Aloys, ambaye aliisoma vizuri sana na kusifiwa. Jumatatu iliyofuata, tarehe 7, kabla jua halijapanda, Bartholomew alikwenda mwenyewe hospitali mjini Machakos, akamwambia muuguzi mmoja anayeitwa Wayua, "Dada, mimi nimeshindwa kumsomea mwaitu, mama yangu mzazi, nisaidie niache hii kitu." Wayua akamwambia, "Baba, dawa ya kutuliza mwili tuko nayo, lakini ya kukaa bila pombe ni watu, kuna kikundi cha walioacha, hukutana hapa mjini kila Alhamisi jioni, tatizo sijui ni nyumba gani, hawaweki kibao." Hapo ndipo miezi kumi na moja ilipoanza.

Alimwuliza chifu msaidizi, naye akajibu mbele ya watu, "Kikundi cha walevi? Si kiko hapo sokoni kila siku, na wewe ndiye mwenyekiti!" Aliuliza jumuiya, ikamwekea mikono kichwani, ikamwombea kwa saa mbili, na akina baba wawili waliomwekea mikono wakapitia baa wakienda nyumbani. Akamwuliza mtu mmoja wa hapa Katelembo, mtu wa kuheshimika, ambaye karatasi hii haitamtaja, na akamwuliza mara tatu kwa siku tofauti kwa sababu alikuwa amesikia kwamba mtu huyo aliwahi kunywa akaacha, na mara zote tatu akajibiwa, "Mimi hao watu siwajui, na wewe unatafuta nini huko, Baba Kasiva, wewe si mlevi, wewe unapenda tu kukunywa." Mtu huyo aliijua nyumba. Alikuwa akiingia humo kila Alhamisi tangu mwaka wa 2015.

Tarehe 19 Mei 2022, siku ya Alhamisi, Bartholomew alivaa koti la kanisani akaenda mjini na maneno machache ya Wayua kichwani, kwamba watu hao hukodi chumba, hukaa duara, chai huwa ipo, na kila mmoja husimama akataja jina na wenzake wakampigia makofi. Akabisha nyumba kwa nyumba katika mtaa mzima, na katika mlango wa tisa akakuta duara, akakuta chai, akakuta watu wakisimama mmoja mmoja, wakitaja majina, wakipigiwa makofi, akaketi kiti kilichokuwa wazi na akafuta machozi kwa kushukuru. Sasa nyinyi mnajua, lakini yeye alikuwa amesahau kwa sababu ilikuwa miaka mingi hajaalikwa popote, kwamba Ukambani hakuna kamati ya harusi inayofungua kikao kabla kila mtu hajasimama, akajitambulisha na kupigiwa makofi. Zamu yake ilipofika akasimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele, akasema, "Naitwa Bartholomew Musembi, natoka Katelembo, mimi ni mlevi, leo ni siku yangu ya nne bila kukunywa, naomba mnisaidie." Wakapiga makofi. Walipiga kwanza, kwa mazoea, kisha ndipo wakasikia alichosema.

Mwenyekiti wa kamati hiyo, Bwana Kinyua mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alijitahidi kuzuia wenzake, akamwambia, "Mzee wangu, hapa tunapanga harusi ya kijana wangu wa dukani, lakini karibu tu, chai iko." Bartholomew alimaliza chai yake, kwa kuwa alilelewa na mama yetu Kasiva, akasema asante, akatoka. Kicheko kilimpata kwenye ngazi, na kufikia Jumapili kilikuwa kimemtangulia kanisani, watoto wa katekisimu wanasimama mbele yake wakijitambulisha na kupigiana makofi. Hata hivyo, sikilizeni vizuri hapa, hakurudi kwenye glasi, aliikaza roho peke yake, akaanguka mwezi wa sita, akaamka, na kufikia mwisho wa mwezi wa nane alikuwa amekaa siku arobaini bila tone, bila kikundi, bila mtu wa kumwambia hongera, na Bwana Kinyua, kwa nia safi, akamtumia kadi ya ile harusi akisema yeye pia alikuwa mwanakamati.

Harusi ilifanyika Matuu, Jumamosi tarehe 27 Agosti 2022. Bartholomew aliketi na Nzilani meza ya nne. Mwendesha sherehe alikuwa mdogo wake. Baada ya chakula, watu walipoanza kusinzia, mwendesha sherehe aliona wageni wanamponyoka, na badala ya kuwaacha walale, akawapa hadithi ya mzee mmoja aliyeingia kamati ya harusi akidhani ni kikao cha walevi, akaigiza sauti, akaigiza mikono iliyoshika kiti, akaigiza hata yale machozi, na watu mia nne wakashika mbavu. Bartholomew alicheka pamoja nao, akapiga makofi, akamwambia mkewe anatoka kidogo kupunga hewa. Alipatikana baada ya siku mbili. Kutoka siku hiyo hadi Januari alikunywa kuliko alivyowahi kunywa maishani, asubuhi, mchana, bila chakula, hadi macho yakageuka rangi. Aliyekuwa na maikrofoni siku hiyo ndiye aliyeshika karatasi hii, na familia haijamwambia aifute aya hii.

Katika watu hao mia nne kuna mmoja ambaye hakucheka. Anaitwa Kabura, ni mama anayeuza viatu vya mitumba katika soko la Machakos, asili yake ni Murang'a, na Alhamisi zake anajua anazipeleka wapi. Alimsikia mwendesha sherehe akitaja Katelembo, na kuanzia Jumatatu akaanza kumtafuta mzee wa hadithi ile. Akauliza wauza mboga wa huku kwetu, akauliza makanga, akapiga simu kwa watu, na kila aliyeulizwa akafanya kile tunachokijua vizuri kuliko Baba Yetu, akanyamaza kwa Kabura na akafungua mdomo kwa jirani. "Kuna mama wa Kikuyu anamtafuta Baba Kasiva," ndivyo ilivyosemwa kisimani. "Si bure." "Ndiyo maana anakunywa." Miezi minne na nusu huyo mama alibeba ufunguo mkononi akizunguka nao, na Katelembo yote, kuanzia wacha Mungu hadi wasiocha, ikamficha mlango.

Uvumi ulimfikia Nzilani wiki ya kwanza ya Januari 2023. Alhamisi tarehe 12, akiwa na kandambili mguuni na hasira ya miaka ishirini na sita ya ndoa, aliingia sokoni Machakos, akauliza kibanda cha Kabura, akasimama mbele yake akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza ndizi, "Wewe ndio unatafuta mzee yangu? Haya, niko hapa, nitafute mimi!" Kabura akaweka chini kiatu alichokuwa akipiga rangi, akamwangalia, akauliza, "Mama, ako hai?" Nzilani alisema baadaye kwamba mkono aliokuja nao wa kupiga kofi ulikosa kazi. Kabura akamvuta nyuma ya magunia ya viatu, akamwambia neno sikioni, neno ambalo lingeweza kusemwa na mtu wa hapa hapa Katelembo mwezi wa pili wa mwaka uliotangulia, na Nzilani akarudi nyumbani mbio, akamwosha mumewe kama anavyooshwa mtoto, akamshika mkono hadi mjini.

Saa kumi na moja jioni hiyo Bartholomew aliingia chumba hicho. Kiko juu ya kisiagi cha unga, mashine inanguruma chini, kwa hivyo mtu akilia humo ndani hakuna anayemsikia barabarani. Katika duara, akitazama viatu vyake, alikuwa ameketi yule mtu wa Katelembo. Bartholomew alimtambua. Alichukua kiti, akakiweka karibu na cha mtu huyo, akamsalimia kwa mkono kama mtu asiyemjua, na jina hilo hakulitamka kwa mkewe, wala kwa Kabura, wala kwetu, hadi kifo. Sisi tumelijua Jumanne ya juzi tu, mwenye jina alipokuja hapa matangani, akatuita pembeni, akatuambia kwa mdomo wake mwenyewe.

Tangu jioni hiyo hakuonja tena. Alirudi kujenga, akapiga ukuta wa shule ya chekechea, akajua wajukuu wa majirani kwa majina. Jumamosi tarehe 16 Desemba 2023 mbuzi wa ntheo wa binti yake Kasiva waliletwa, wale wanaofanya binti ahesabike ameolewa, na wazee wa ukoo wakaweka kibuyu cha kaluvu mbele yake wakisema baba asipoonja kwanza shughuli haiendi. Akakataa. Mzee mmoja, ambaye yuko hema la kulia, akamwambia, "Wewe pombe ilikuwa tamu ukikunywa ya watu, ya mtoto wako ndiyo imekuwa chungu?" Akakataa tena, akaomba maji, akambariki binti yake kwa maji, akatozwa faini ya mbuzi, akailipa siku hiyo hiyo, na Alhamisi iliyofuata alikuwa juu ya kisiagi akitetemeka kama siku ya kwanza.

Mwezi wa tatu mwaka huu tumbo lake lilianza kujaa maji. Alilazwa mara nne mjini Machakos, na daktari hakutuzungusha, alituambia kwamba ini lilikuwa limechoka kwa miaka mingi lakini lingeweza kuvuta, na kwamba kwa maoni yake kilicholimaliza ni kipindi kifupi cha kunywa sana, kama miezi minne au mitano, miaka mitatu hivi iliyopita. Hesabuni wenyewe. Kwa hivyo tumesikia mkisema tangu juzi, barabarani na kwenye foleni ya chai, kwamba pombe imemuua Musembi. Pombe ilisaidiwa. Alikufa Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mkewe akimshika mguu, akiwa amekaa siku elfu moja na tatu bila kunywa, na mtu atakayesimama mahali popote amwite mlevi, ajue kwamba familia hii sasa haina mtu wa kucheka naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa Wayua, ambaye mwaka wa 2022 alisema alichokijua na hakuficha. Inamshukuru Bwana Kinyua. Inamshukuru Kabura na wenzake, ambao Alhamisi tarehe 9, siku mbili kabla ya kifo, walikwenda wodini, wakazunguka kitanda na kufanya kikao chao hapo, kila mtu akataja jina, na marehemu akataja lake. Inawashukuru vijana waliochimba kaburi jana, ambao waliuliza iko wapi chupa ya wachimbaji kama ilivyo desturi, wakapewa uji, wakanung'unika, lakini wakachimba vizuri. Majirani waliochangia chakula na kuni, asanteni, na familia inapokea mikono yenu jinsi ilivyo.

La mwisho ni tangazo, na limeruhusiwa na wenyewe. Kikundi kinakutana kila Alhamisi saa kumi na moja jioni mjini Machakos, ukishuka stendi ufuate barabara ya soko la ng'ombe, upite duka la mbegu, kuna kisiagi chenye mlango wa kijani, ngazi iko ubavuni, ghorofa ya kwanza, mlango wa pili, usibishe, sukuma tu. Rudieni wenyewe kwa wenyewe. Mwambieni mtu yule ambaye mnamfikiria sasa hivi. Alhamisi hii, tarehe 23, yule mtu wa Katelembo, ambaye ameomba tusimtaje na hatujamtaja, ametuomba tuseme kwamba kuanzia saa kumi atakuwa amesimama nje, chini ya ngazi, mahali ambapo kila apitaye barabarani anamwona, ili anayekuja asipotee. Mkipita mtamjua. Yeye anajua mtamjua.

Pumzika, Musembi, mwana wa Maundu na Kasiva. Amani uliyoikosa kwetu, Mungu akupe yeye.